Mshika Bendera wa Mawara

Mahamri yalikuwa bado moto Inspekta Koki alipofika gesti ya Mwanamina, mtaa wa Kaloleni, na asubuhi hiyo hapakuwa na jambo lingine la kushukuria. Treni ya Mombasa ingepita Voi alasiri. Timu nzima ya Mawara ilikuwa na tikiti, na ikishapanda, kesi nayo imepanda.

Kitonga, mkuu wake kituoni, hakuona haja ya kungoja hata hiyo alasiri. Alikuwa amemwambia waziwazi kwamba wanamichezo wa nchi ndogo wakifika ugenini hutoroka, kila mashindano ni hivyo, wengine huacha hata nguo kwenye kamba. Andika ametoroka, alisema, tufunge faili tuendelee na wezi wa ng'ombe. Koki akaomba apewe mpaka treni ifike. Kitonga akampa kama mtu anavyompa mtoto simu ili anyamaze.

Na kusema kweli, hoja yake haikuwa mbaya. Mawara ni visiwa vidogo mno. Watu wa Voi hawakuwahi kuvisikia mpaka timu yake iliposhuka mjini na mabegi ya kijani, ikizungumza lugha ambayo Sajini Alwi, mzaliwa wa hapo hapo Kaloleni, alisema ni Kiswahili cha bibi yake kilichoachwa juani. Walikuwa wakielekea Mombasa kwenye Michezo ya Mataifa Madogo. Ilikuwa mara ya kwanza taifa lao kupeleka timu popote, na walipiga kambi Voi ili wazoee joto la bonde na pumzi ya milima kwa bei wanayoiweza. Saandi, mkimbiaji wao wa mbio ndefu, ndiye aliyechaguliwa kushika bendera siku ya ufunguzi. Alipanda Mwanda, juu katika milima ya Taita, na kocha wake kufanya mazoezi ya mlima, na kocha akarudi peke yake. Kijana mwenye mbio, nchi kubwa, barabara ya lami. Mtu yeyote angesema ametoroka.

Kocha Dhoiri mwenyewe alisema hivyo. Kijana alitangulia kwa mbio kuelekea upande wa Wundanyi, alieleza, naye akamsubiri sokoni pale Mwanda asimwone tena. Polisi walikuwa wamepekua upande huo wote, mashamba na vichaka, na hawakuokota hata kifungo.

Aliyekataa ni mmoja tu. Raidha, dada mkubwa wa Saandi, mchezaji wa judo mwenye mabega mapana na sauti ya chini, alikuwa amekaa uani na sahani mbili mbele yake. Moja yake, na ya pili ya mdogo wake, ikiwa na mbaazi zilizoanza kuganda.

Mwanamina alimvuta Koki jikoni kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mwenye buibui na maneno mengi, na nyumba yake hajawahi kuiona hivi. Kila jioni tangu kijana apotee, alisema, huyu binti husimama langoni, akageukia milimani, akamwita ndugu yake kwa jina mara tatu. Majirani wameanza kuingiza watoto ndani mapema. Yule pandikizi la mtu, Msa, mnyanyua vyuma, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Saandi, sasa analala kwenye korido miguu ikiziba njia, kwa sababu hataki kulala na kitanda kitupu.

"Nyumba imekuwa nzito, mwanangu," Mwanamina alisema. "Utadhani kuna mtu hajaondoka."

Koki alirudi uani akakaa na Raidha. Alikuwa na maswali ya kawaida, yale ambayo askari huanza nayo ili mtu azoee sauti yake. Jina la mama. Kijiji. Jina la baba.

"Baba alikuwa mwalimu," Raidha alijibu.

"Jina lake?"

Raidha akatikisa kichwa. Alieleza bila haraka kwamba baba yao alifariki kabla ya Ramadhani, na kwao jina la aliyekufa halitajwi mpaka mwaka ugeuke. Masheikh wao hulikemea jambo hilo kila Ijumaa, wakisema ni ujinga wa zamani. Hata hivyo wakifiwa wao, nao hawataji.

"Mkitaja?"

"Anageuka. Yuko njiani anakwenda zake, akisikia jina lake anageuka nyuma, anamfuata aliyemwita." Raidha aliisogeza ile sahani ya pili ikae sawa. "Ndiyo maana namwita Saandi. Nikimwita, yuko hai. Siku nikinyamaza, dada, jua nimemzika."

Koki, Mkamba aliyelelewa kanisani, alisikiliza kwa adabu kama mtu anavyosikiliza sala za wenzake. Aliyaweka maneno hayo mahali akasahau kwamba ameyaweka.

Kisha wakamwendea Msa, na hapo ndipo Alwi alipoanza kutabasamu. Pandikizi lile lilikuwa likitoka jasho kwenye kivuli. Liliulizwa lilimwona Saandi mara ya mwisho lini, likajibu. Liliulizwa kama Saandi alisema lolote kuhusu kubaki Kenya, likatazama miguu yake. Alwi ana tabia nzuri kwa kazi yake: akishamshuku mtu, humwuliza habari za nyumbani kwake, mama hajambo, watoto wangapi, mpaka yule mtu aone aibu kumdanganya. Haikuchukua muda.

"Saandi ataniua," Msa alisema. "Alinikataza nisiseme. Saandi alikuwa aondoke jioni ile ile, baada ya mazoezi. Kuna kambi ya wakimbiaji huko juu kwenu, bonde la ufa, walikubali kumchukua. Begi lake tulilipeleka usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa yule kijana wa basi."

Basi Kitonga alikuwa sahihi. Koki alimeza hilo kama dawa chungu, wakaenda steji ya mabasi.

Kijana wa basi, Geoffrey, alikuwa na kibanda cha mabati na daftari la abiria ambalo hakuhitaji kulifungua. Alimkumbuka vizuri yule mgeni mwembamba aliyelipia kiti cha dirishani. Basi lilimngoja mpaka abiria wakaanza kupiga kelele, likaondoka na kiti kitupu. Begi lilikuwa bado pale chini ya benchi, limepigwa na vumbi la watu wanaopita.

Koki alivaa glavu akalifungua juu ya benchi. Nguo zilizokunjwa na mtu anayejua kukunja. Picha ya Raidha akiwa na medali ya shuleni. Viatu vya mbio, vile vyenye meno, vimefungwa kwenye gazeti jozi kwa jozi.

"Huyu alitaka kutoroka, Alwi," alisema. "Lakini hakutoroka. Mkimbiaji hakimbii akaacha miguu yake chini ya benchi."

"Hebu nitazame mimi," Alwi alisema, akapekua tena polepole. "Na bendera? Kule gesti haipo, na hapa haipo."

Msa alikuwa amewaambia habari za bendera bila kuulizwa, maana mtu akishaanza kusema kweli huwa hana breki. Saandi hakuwa akiiacha. Alikimbia nayo mabegani kila mazoezi ili azoee upepo unavyoivuta, asije akaaibika uwanjani mbele ya mataifa. Kwa hiyo bendera ilikuwa alipokuwa Saandi. Koki alisema hivyo kwa sauti, na Alwi akasimama katikati ya steji, pikipiki zikimpigia honi.

"Madam, jirani yangu Harith anashona bendera ya Mawara. Nimeiona jana nikipita. Nikadhani ni mambo ya sherehe."

Fundi Harith alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya soko, chini ya turubai la bluu. Bendera ilikuwa imeshakamilika, inaning'inia kwenye msumari: kijani, na samaki mweupe katikati. Harith alianza kujitetea kabla hajasalimiwa. Samaki amemweka akitazama kulia na sasa anaambiwa hutazama kushoto, lakini yeye alipewa maelezo ya mdomo tu, na maelezo ya mdomo hayana kushoto wala kulia. Koki alimwuliza kazi hiyo aliipokea lini.

Harith alifikiri. Ilikuwa asubuhi na mapema, kesho yake baada ya yule kijana kupotea, ndio kwanza anaondoa mfuniko wa cherehani. Kocha alisema ile nyingine imepotea, na hii inatakiwa kabla ya treni.

Walirudi kwenye gari. Asubuhi hiyo hiyo, Koki alikumbuka, Dhoiri alikuwa amekaa kituoni mbele yake, akimwambia kwamba kijana ana hasira za ujana tu, kufikia jioni atakuwa amerudi. Kama atarudi, atarudi na bendera. Sasa ya pili ya nini?

Walimkuta Dhoiri uani akifunga mabegi kwa kamba. Alikuwa mzee mkavu, filimbi shingoni, macho yenye usingizi wa siku nyingi. Hakukataa chochote. Bendera aliona haipo, alisema, na taifa haliwezi kuingia uwanjani mikono mitupu, kwa hiyo akaagiza nyingine ya tahadhari. Habari za kutoroka hakuzijua, ila hazimshangazi. Kijana alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi wa moyo. Mwenzetu huyo ametuvunja, alisema, lakini tuko wengine, tunakwenda. Kila jibu lilikuwa limenyooka. Koki alitafuta mahali pa kulishika na hakupaona.

Alikuwa ameshatoka nje wakati Mwanamina alipomfuata mpaka langoni, akijifuta mikono kwa kanga.

"Mwanangu, mimi si polisi," alisema. "Lakini nimekaa na wageni maisha yangu yote. Mtu akitorokwa na mtu, hulala mlango haujafungwa vizuri, akingoja kusikia hatua. Huyu kocha anaegemeza kiti kwenye mlango. Taa anaiwasha mpaka alfajiri, tokeni za umeme zinaisha kama maji. Na huyo binti akianza kumwita ndugu yake pale langoni, yeye huacha chakula akaenda chooni, akafungulia bomba. Amemkasirikia mtoto wa watu kiasi kwamba hata jina lake halitaji tena."

Koki alisimama mkono ukiwa juu ya komeo.

Alirudia kichwani kila alichokisikia kwa Dhoiri tangu siku ya kwanza. Kijana. Mshika bendera wetu. Mwenzetu. Msa, hata aliposema uongo, alisema Saandi hivi, Saandi vile, Saandi ataniua. Raidha alilishika jina hilo kama kamba. Kocha, aliyemlea tangu mtoto, hakulisema hata mara moja. Na kulikuwa na neno la Ndulu, dereva wa teksi ya probox aliyewapandisha Mwanda, ambalo waliliandika wakalipita. Ndulu alisema njia nzima ya kurudi mzee alifunga vioo, suruali yake imelowa mpaka magotini, na kila kona alikuwa akigeuka kutazama kiti cha nyuma. Ndulu alidhani anamtafuta kijana barabarani.

"Hakuwa anamtafuta," Koki alisema. "Alwi, tumekuwa tukimhoji mtu anayeogopa kufuatwa."

Alwi aliisikiliza hoja yote, akavuta ndevu zake. Kimya si ushahidi, Madam, alisema. Hakimu atatucheka. Koki alijua. Alichokuwa nacho ni kituo cha treni, na muda mfupi.

Kila timu hiyo ilipohama mahali, Dhoiri aliwapanga mstari akawaita majina. Mwanamina alikuwa amewaona wakifanya hivyo siku waliyofika, na walimfurahisha: mmoja akiwa amesinzia au amekwenda kujisaidia, jirani yake humwitikia naam, ili mstari usikatike. Kituoni Voi, kwenye uwanja ule mpana ambapo abiria hupanga mizigo chini ili mbwa wa polisi wainuse, walijipanga tena na mavazi yao ya kijani. Jua lilikuwa kali na Mlima Sagalla umejaa ukungu wa joto. Koki na Alwi walisimama pembeni kama watu waliokuja kuaga.

Dhoiri aliita. Mmoja baada ya mwingine, naam, naam. Msa. Naam. Raidha. Akanyamaza kidogo mahali ambapo jina moja zaidi lingekaa, akapuliza filimbi.

"Kocha," Koki alisema, "umemruka mmoja."

"Hayupo."

"Asiyekuwepo ndiye huitwa. Mwenzake amwitikie. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Huyo amejitoa mwenyewe."

"Basi mwite kwa mara ya mwisho, nisikie, nami nitaandika ametoroka. Treni yenu hiyo inakuja."

Mstari mzima uligeuka. Dhoiri alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliozoea kupiga kelele uwanjani, na ulikaa wazi bila kutoa kitu. Alijaribu tena. Kisha alitazama nyuma, juu ya bega lake, pale kwenye saruji tupu, na kila Mmawara aliyekuwa pale akaona anavyotazama.

Raidha ndiye aliyeelewa kwanza. Hakulia wala hakumrukia. Alikaa chini juu ya begi lake taratibu, kama mtu aliyeambiwa apumzike, akasema, "Umejua tangu lini?"

Treni ilikuja ikaondoka. Mawara haikupanda.

Dhoiri alisema yote njiani kwenda Mwanda, katikati ya Koki na Alwi, gari likikata kona moja baada ya nyingine na hewa ikizidi kupoa. Hawakuwa upande wa Wundanyi. Walikuwa upande wa pili, juu ya miamba yenye pango ambamo Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Ukungu ulikuwa mzito na jiwe limelowa. Kijana alikuwa mbele, bendera mabegani. Aliteleza. Hakuna aliyemsukuma, na Koki alimwamini, kwa sababu mtu anayedanganya hujipendelea na huyu hakujipendelea hata kidogo. Dhoiri alishuka akamkuta chini, damu masikioni. Akamvuta mpaka ndani ya pango, akamfunika kwa bendera, akaenda zake. Wafu walikuwepo pale, alisema, alifikiri hatakuwa peke yake.

Na kwa nini alificha? Hapo mzee alilia. Mmawara akifa safarini, msafara wote unarudi nyumbani kukaa matanga. Hakuna kushindana, hakuna uwanja. Alikuwa mkimbiaji yeye mwenyewe ujanani, wakati taifa lake halikuwa na timu wala bendera ya kushika. Alingoja mpaka akazeeka. Alitaka kuwaona wanaingia uwanjani mara moja tu, halafu aseme, halafu wamfanye watakavyo.

"Ulijuaje kwamba amekufa?" Koki aliuliza.

"Nilimwita. Hakuitika."

"Ulimwita mara ngapi?"

"Mara moja," Dhoiri alisema. "Ukishajua mtu amekufa, humwiti tena."

Raidha, Msa na wenzao walikuwa kwenye magari ya nyuma na askari.

Pale barabara ilipokwisha palikuwa na shamba la kabichi kwenye matuta, na mama mmoja akilima. Jina lake Mkawasi. Koki alimsalimu akamwuliza njia ya kwenda kwenye pango la mafuvu, na yule mama akaacha jembe lianguke. Aliona pingu, akaona mavazi ya kijani ya vijana wanaoshuka garini, akaweka mkono mdomoni.

"Hiyo rangi," alisema. "Hiyo rangi iko huko kwa mti."

Koki alimshika mkono wakakaa kwenye tuta. Mkawasi alisema kwa vipande. Usiku ule, baada ya mvua ndogo, kuliitwa kutoka kule kwenye miamba. Sauti ya mwanaume. Haikuwa Kidawida cha kwao, ilikuwa kama Kiswahili na si Kiswahili. Usiku uliofuata ikaita tena, chini zaidi.

"Bibi yangu aliniambia nikiwa mdogo. Sauti ikitoka pale usiitikie. Ukiitikia umeenda nayo. Nikafunga mlango. Jirani pia akafunga. Tukaimba nyimbo za kanisa, tukaimba, mpaka ikanyamaza. Asubuhi nikaona hicho kitambaa. Nikasema ni wazee wameanza mambo yao ya zamani tena. Sikuenda kuangalia. Afande, ilikuwa mtu?"

Koki aliinuka. Aliokota lile jembe akamrudishia yule mama mkononi.

Njia ya pangoni ilikuwa nyembamba na yenye majani yaliyolowa. Dhoiri aliwaongoza bila kuulizwa, akaingia chini ya mwamba ambapo mafuvu yamepangwa kwenye ukingo wa jiwe, ya kahawia kama vibuyu vya zamani, yakitazama nje. Akaonyesha mahali. Palikuwa na doa jeusi kwenye udongo, na hapakuwa na mtu.

"Nilimlaza hapa," alisema. Akageuka huku na huku. "Mimi nilimlaza hapa."

Koki alipiga tochi chini. Kutoka kwenye lile doa palikuwa na mburuzo, udongo umekwaruzwa kwa viwiko, ukitoka pangoni, ukipita katikati ya majani, ukisimama na kuanza tena, ukisimama na kuanza tena. Waliufuata wote wakiwa wameinama. Uliishia kwenye mti mdogo ukingoni. Bendera ilikuwa imefungwa kwenye tawi kwa fundo la mtu aliyefunga akiwa amekaa, samaki akitazama kushoto kama inavyotakiwa. Saandi alikuwa chini yake, mgongo kwenye shina, mguu mmoja umevunjika, uso umeelekea bondeni. Kutoka pale paa la bati la Mkawasi lilionekana wazi, karibu kiasi cha kuona moshi wa jikoni.

Dhoiri alipiga magoti. Alwi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, na Koki akafanya kazi yake kwa sababu kazi ilikuwa rahisi kuliko kufikiri. Alipiga picha. Alipima mburuzo. Aliwaambia askari wazungushe utepe. Kichwa kiligongwa, mguu ulivunjika, na daktari atasema lake, lakini kilichommaliza kijana wa visiwani ni baridi ya Mwanda na kimya cha watu. Yule wa kwao hakumwita mara ya pili, na hawa wa huku hawakuitika. Alikufa hapo katikati, akiwa ameona taa za nyumba. Koki alikuwa ameona maiti nyingi, na hii alijua ataondoka nayo.

Alikuwa amewaagiza Raidha, Msa na wenzao wabaki kwenye magari. Aliposikia majani yakikanyagwa hakuwa na nguvu ya kumzuia mtu. Raidha alifika mpaka kwenye utepe, akamtazama mdogo wake muda mrefu. Wenzake walijipanga nyuma yake, wameinamisha vichwa, midomo imefungwa. Sasa walijua. Kuanzia saa ile lile jina lilikuwa limekwisha kutamkwa duniani mpaka mwaka ugeuke.

"Saandi," Raidha akaita.

Msa alishtuka kama aliyechomwa. Dhoiri akaziba masikio kwa mikono yenye pingu. Koki alimsogelea binti, akamkumbusha kwa upole alichomweleza asubuhi.

"Atageuka, najua," Raidha alisema. "Nataka ageuke. Anifuate mimi. Simwachi huku kwa watu wasiomjua." Akavuta pumzi. "Saandi."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya miamba. Chini bondeni mbwa alibweka mara moja akaacha. Raidha alifungua mdomo akaita mara ya tatu, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiita langoni Kaloleni, na jina likapiga kwenye mwamba likarudi.

"Naam," sauti ikaitika.

Wote waligeuka. Mkawasi alikuwa amesimama njiani, peku, machozi yakimtoka, amewafuata mpaka mahali ambapo maisha yake yote hakuwahi kukanyaga. Alikuwa akitazama chini ya ule mti.

"Naam, mwanangu," akasema tena. "Tumesikia."